Tafsiri ya Kurani na Minazi ya Bibi

Ndugu wasikilizaji, katika barua zilizonifikia wiki hii imo moja niliyoisoma mara tatu. Imeandikwa na mama mmoja ambaye hakupenda jina lake litajwe hewani, nami nitaiheshimu haja yake. Anasema ameolewa katika nyumba ya watu wa dini, na siku moja baba mkwe wake alimkuta sebuleni akisoma Kurani yenye tafsiri ya Kiswahili. Mzee yule hakugomba. Alimwambia kwa upole tu kwamba kusoma Kurani kwa Kiswahili hakuna thawabu, kwamba jambo hilo lililetwa na wamisionari, na kwamba mwanamke akitaka kujua dini amwulize mumewe. Mama huyu ananiuliza: Je, ni kweli kwamba tafsiri ililetwa na wamisionari?

Mimi si sheikh, na wasikilizaji wangu wa siku zote wanajua kuwa sithubutu kutoa fatwa. Habari ya thawabu namwachia Mwenyewe atoaye thawabu. Lakini swali la mama huyu ni swali la historia, na historia ndiyo biashara yangu katika dakika hizi ninazopewa kila wiki. Tena ni historia iliyopita ndani ya nyumba yetu, ikagusa mali na ikagusa udugu. Kwa hiyo leo mtaniwia radhi nikichanganya mambo ya vitabu na mambo ya nyumbani.

Nilizaliwa katika kijiji kimoja cha wilaya ya Pangani, kusini mwa mto. Kama watoto wote wa Kiislamu wa pwani, nilipelekwa chuoni kabla sijapelekwa shule. Tulikaa juu ya jamvi, kila mmoja na ubao wake, tukaimba alifu, bee, tee, thee mpaka sauti zikatukauka. Baadaye tukaingia Juzuu Amma, sura fupi fupi, na aliyekuwa na kichwa chepesi akaendelea mpaka akahitimu. Siku ya kuhitimu ilipikwa pilau, mwalimu akapewa kanzu, na mtoto akatembezwa kwa jamaa kama bwana harusi. Nilihitimu nikiwa na miaka kumi. Na katika miaka yote ile hakuna hata siku moja niliyoambiwa maana ya neno lolote katika maneno yale niliyokuwa nikiyasoma. Si kwamba tulikatazwa kuuliza. Kuuliza kwenyewe hakukutujia.

Hata hivyo, lingekuwa kosa kubwa kusema kwamba Kitabu kile hakikuwa na nguvu katika maisha yetu kwa kuwa hatukukielewa. Kilikuwa kila mahali. Mwenye kuchinja kuku alitanguliza bismillahi, na kuku aliyechinjwa bila ya neno hilo hakuliwa. Aya ya Kursiyyu ilibandikwa juu ya mlango. Mgonjwa alisomewa Yasini, na akifa alisomewa tena. Mtoto akishikwa na homa isiyosikia dawa, maalim aliandika aya kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, akaiosha kwa marashi, na mtoto akanyweshwa maji yale. Hilo ndilo kombe. Mbuzi akiibwa, ilitosha kutangazwa kwamba Ijumaa itasomwa Halbadiri, na mara nyingi mbuzi alionekana amefungwa mahali asubuhi, hajulikani nani aliyemleta. Maneno matakatifu yaliingia katika maisha ya watu kwa njia ya sikio, ya ulimi na hata ya tumbo. Njia ya maana ilikuwa nyembamba zaidi.

Nasema ilikuwa nyembamba, sisemi kwamba haikuwepo. Katika miji ya pwani, toka Lamu mpaka Kilwa, walikuwapo wanavyuoni waliokaa msikitini, hasa mwezi wa Ramadhani baada ya alasiri, wakafungua Tafsiri ya Jalalaini, wakasoma Kiarabu chake na kukieleza kwa Kiswahili. Walikuwapo pia watunzi wa tenzi waliotia visa vya Mitume na mafunzo ya dini katika mashairi ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utenzi mwaka 1858, na ni kazi ya mwanamke aliyeijua dini yake vizuri. Lakini jambo moja lazima lisemwe. Maana ilipokuja, ilikuja kwa kinywa cha mtu. Na mtu, hata akiwa mcha Mungu, huchagua la kusema na la kunyamazia.

Nitatoa mfano, na hapa ndipo anapoingia bibi yangu, mzaa mama.

Babu alifariki mwaka 1960. Bibi akakaa eda, miezi minne na siku kumi. Hakutoka, hakujipamba, hakujitia mafuta yenye harufu. Hakuna aliyehitaji kumkumbusha hesabu ya siku, kwa sababu kila mwanamke kijijini aliijua, na wanaume waliijua, na watoto pia. Hukumu hiyo imo katika sura ya pili ya Kurani, nayo ilikuwa imemfikia barabara kwa Kiswahili fasaha. Katika sura ya nne, kurasa chache tu mbele, imo hukumu nyingine inayomhusu mjane yule yule, yaani fungu lake katika mali aliyoiacha mumewe. Hiyo haikumfikia. Mjomba wangu, mtoto wa kiume wa pekee, alilichukua shamba la babu lililokuwa na minazi 160 iliyokwisha kuzaa, na hapana aliyesema neno. Ilijulikana kwamba minazi ni ya wanaume. Dada zake wawili, yaani mama yangu na mama mkubwa, waliletewa nazi za kupikia. Bibi aliletewa nazi za kupikia.

Sasa niiache minazi kidogo, nirudi kwenye swali la barua.

Baba mkwe wa yule mama ana nusu ya ukweli. Tafsiri nzima ya kwanza ya Kurani kwa Kiswahili iliyopigwa chapa ilitoka mwaka 1923, na mwandishi wake alikuwa padri, Canon Godfrey Dale wa misheni ya Kianglikana iliyojulikana kwa kifupi kama UMCA. Dale aliwahi kukaa Bonde, upande wetu wa Tanga, kisha akafanya kazi Unguja kwa miaka mingi. Kiswahili alikijua. Nia yake hakuificha: alitaka walimu wa Kiafrika wa misheni wapate kujua yaliyomo katika Kitabu cha Waislamu, ili waweze kujibizana nao. Alitafsiri kama mtu anayesoma ramani ya mji anaotaka kuuteka, ingawa haki yake tumpe, alifanya kazi hiyo kwa bidii na kwa muda mrefu. Waislamu hawakuipokea, na ni nani angewalaumu?

Lakini kitabu kikishatoka hakirudi. Kuanzia hapo mwanafunzi wa misheni aliweza kumwuliza mtoto wa chuoni, mbona Kitabu chenu kinasema hivi na hivi, na mtoto wa chuoni, aliyehitimu kama mimi na kutembezwa kama mimi, hakuwa na jibu. Aibu hiyo ilifanya kazi kubwa kuliko mahubiri.

Huko Mombasa alikuwapo mtu aliyeihisi aibu hiyo mapema kuliko wengine, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui. Alizaliwa mwaka 1891, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya mwaka 1937 mpaka alipofariki mwaka 1947. (Wengi wa wasikilizaji vijana wanamjua zaidi mwanawe, Profesa Ali Mazrui.) Mwaka 1930 alianza kutoa gazeti dogo lililoitwa Sahifa, na mwaka 1932 akatoa jingine, Al-Islah, yaani matengenezo. Alichofanya kilikuwa kigeni kwa wakati wake: mwanachuoni mkubwa wa Kiarabu alikaa chini akawaandikia watu wa kawaida kwa Kiswahili. Aliwakemea kwa israfu za matanga na harusi, akawahimiza wasomeshe watoto wao, wa kike na wa kiume, elimu ya dini na ya dunia. Akaanza pia kuifasiri Kurani kwa Kiswahili. Umri haukumruhusu kumaliza. Sura za mwanzo alizozifanyia kazi zilichapishwa miaka mingi baada ya kufa kwake.

Tafsiri kamili iliyofuata haikutoka Mombasa wala Unguja. Mwaka 1934 alifika Afrika Mashariki kutoka India Sheikh Mubarak Ahmad Ahmadi, mhubiri wa jumuiya ya Ahmadiyya, akaweka makao Tabora. Tafsiri yake ilitoka Nairobi mwaka 1953, na katika kuisawazisha alisaidiwa na kijana wa Ujiji ambaye Tanzania nzima inamjua, Sheikh Kaluta Amri Abedi. Ni yule yule mshairi aliyeandika kitabu cha sheria za kutunga mashairi, aliyekuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na baadaye Waziri, akafariki mwaka 1964 akiwa bado kijana wa miaka arobaini. Kiwanja cha mpira cha Arusha kina jina lake. Kiswahili cha tafsiri ile kilikuwa kizuri, kama unavyoweza kutazamia kwa mtu kama huyo. Tatizo halikuwa lugha. Waislamu walio wengi hawakubaliani na jumuiya hiyo juu ya daraja la mwanzilishi wake, Mirza Ghulam Ahmad wa Qadian, na waliona katika maelezo yaliyofuatana na tafsiri ile mambo ya itikadi wasiyoyakubali.

Basi ikawa hivi: Mwislamu wa kawaida wa pwani aliyetaka kusoma Kurani kwa Kiswahili katikati ya miaka ya 50 alikuwa na vitabu viwili vizima vya kuchagua, kimoja cha padri, na kingine cha watu ambao masheikh wake waliwapinga. Kunyamaza kulikuwa hakuwezekani tena.

Aliyelibeba jukumu hilo ni Sheikh Abdulla Saleh Farsy wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1912. Naomba wasikilizaji wakumbuke kwamba mtu huyu alikuwa mwalimu wa shule kwa miaka mingi kabla ya kuwa kadhi wa Unguja mwaka 1960. Mimi naona ualimu huo unaonekana katika kila ukurasa wa kazi yake. Anaeleza, anarudia, anaweka maelezo chini ya aya kama anayemwona mbele yake mwanafunzi aliyekunja uso. Alianza kwa kutoa vipande vipande, kisha mwaka 1967 akahamia Kenya, ambako mwaka uliofuata alikuwa Kadhi Mkuu. Mwaka 1969 kitabu kizima kilitolewa Nairobi kwa jina la Qurani Takatifu, Kiarabu na Kiswahili pamoja. Ndani yake aliwajibu waziwazi waliomtangulia, pale alipoona wamepotoka. Alifariki Oman mwaka 1982.

Tafsiri haikuishia hapo. Sheikh Ali Muhsin Barwani, yule mwanasiasa wa Unguja aliyekaa vifungoni miaka mingi baada ya mapinduzi ya 1964, alitoa tafsiri yake mwaka 1995 akiwa ughaibuni, na wengine wamefuata. Lakini kwa watu wa rika langu, ukisema Kurani ya Kiswahili, unasema kitabu cha Farsy.

Hapo pana jambo dogo la lugha ambalo sipendi lipite. Kwa Kiarabu, tafsiri ni ufafanuzi wa mwanachuoni, na kuhamisha maneno kutoka lugha moja kwenda nyingine huitwa tarjama. Kwa Kiswahili tumeyaweka mambo mawili hayo katika neno moja. Ndiyo maana wanavyuoni hukaza kwamba Kurani hasa ni ile ya Kiarabu, na Kiswahili kilichoandikwa pembeni ni maelezo ya mwanadamu, anayeweza kukosea. Na ndiyo maana sala haisaliwi kwa tafsiri. Mzee wa kwenye barua hapo yuko kwenye ardhi ngumu, wala simbishii.

Na jambo la pili, kubwa zaidi kwa maoni yangu, ni herufi. Bibi yangu alikuwa anajua kusoma. Watu wa takwimu wangemwandika kuwa hajui kusoma wala kuandika, lakini alisoma Kurani nzima kwa herufi za Kiarabu, na barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi hizo alizisoma pia. Serikali za kikoloni zilipochagua herufi za Kirumi kwa Kiswahili cha shule na ofisi, watu wa aina yake waligeuka wajinga kwa siku moja. Tafsiri ilipokuja ilikuja kwa herufi za Kirumi. Hivyo ukurasa wa kitabu cha Farsy ulimgawa bibi na mjukuu wake. Upande wa Kiarabu, yeye aliusoma kwa ufasaha bila ya kujua unasema nini. Upande wa Kiswahili ulisema maana, naye hakuweza kuusoma. Mimi wa darasa la sita niliuweza.

Kitabu kilifika nyumbani kwetu mwaka 1971. Baba, aliyekuwa karani katika shamba la mkonge, alikileta kutoka Mombasa kikiwa kimefungwa katika kitambaa cha kijani. Kiliwekwa juu ya kabati, mahali ambapo hapana kitu kingine kilichoruhusiwa kuwekwa juu yake, na hatukukigusa bila ya kutawadha. Ramadhani ile bibi alikuja kukaa kwetu. Jioni moja, baada ya futari, akaniita.

"Mume wangu," akaniambia, maana ndivyo alivyoniita siku zote kwa utani wa bibi na mjukuu, "hebu lete hicho kitabu cha baba yako. Mimi nitasoma changu, nawe utanisomea chako, tuone kama yanafanana."

Tukawa tunafanya hivyo kila usiku. Yeye alisoma aya kwa Kiarabu, kwa ile sauti yake nyembamba ya kuvuta, mara nyingi bila hata ya kutazama, na mimi nikafuatia kwa Kiswahili, nikikwama kwama. Mara nyingine alicheka, akasema, "Kumbe ndiyo haya!" Mara nyingine alinyamaza. Usiku wa kama wa sita au wa saba tukaingia sura ya nne, Annisaa, sura ya wanawake. Akasoma aya ya 11, nikamsomea. Akasoma ya 12. Nilipofika kwenye fungu la mke wa marehemu aliyeacha watoto, na kumwambia kuwa ni thumuni, akanikatiza.

"Thumuni ya hela?" Maana thumuni kwetu ilikuwa ile sarafu ya senti hamsini.

"La, bibi. Maelezo ya hapa chini yanasema sehemu moja katika sehemu nane."

"Rudia."

Nikarudia. Akaniambia nirudie tena, na mara hii akawa anaifuata kwa kidole upande wa Kiarabu. Kisha akaniuliza, kama anayeuliza habari ya mvua, "Katika minazi mia na sitini, moja ya nane ni mingapi?"

Nikapiga hesabu kwa kijiti sakafuni. Ishirini.

Hakusema kitu zaidi. Akafunga msahafu wake, akaubusu, akaenda kutia udhu ingawa alikuwa nao. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia mkononi. Na mimi, kwa upumbavu wa utoto na furaha ya kujua hesabu, nikaendelea: ukitoa ishirini za bibi zinabaki 140, mtoto wa kiume anapata mara mbili ya wa kike, mjomba mmoja na dada wawili ni mafungu manne, basi mjomba minazi 70, mama mkubwa 35, na mama 35. Mama akaniambia ninyamaze.

Fikirieni jambo hili, ndugu wasikilizaji. Mwanamke huyu alikuwa ameisoma aya ile kila Ramadhani tangu alipokuwa msichana. Aliisoma katika Ramadhani zote kumi na moja za ujane wake, kwa matamshi sahihi, huku akiletewa nazi za kupikia.

Baada ya Idi kukawa na kikao. Sitakieleza chote, maana wengine wangali hai na mjomba, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema kwangu, ndiye aliyeninunulia viatu vyangu vya kwanza. Alisema kwamba kitabu kile ni cha Nairobi, kwamba mtoto mdogo hawezi kufasiri Kurani, na kwamba dada zake wameolewa na wana waume wa kuwalisha. Alisema pia kwamba yeye ndiye aliyelipa deni la babu dukani na gharama za mazishi, na ndiye aliyepalilia shamba miaka kumi na moja. Hayo hayakuwa maneno ya bure. Mama hakufungua kinywa. Ni bibi aliyesema, "Basi aitwe maalim."

Akaitwa maalim wetu wa chuoni, yule yule aliyenihitimisha. Mzee alisikiliza pande zote, akaomba msahafu wa bibi, si kitabu cha baba, akasoma aya mbili zile kimoyomoyo. Kisha akasema kwamba alichosoma mtoto ndicho. Mke thumuni, mwanamume fungu la wanawake wawili. Deni hutolewa kwanza, na mjomba alipwe alicholipa. Minazi aliyoipanda mwenyewe baada ya kufa babu ni yake, haimo katika hesabu.

Mama mkubwa, aliyekuwa na ulimi mkali kuliko wote, akamwuliza, "Maalim, na wewe ulikuwa unayajua haya siku zote?"

"Nilikuwa nayajua."

"Mbona hukutwambia?"

Yule mzee akainamisha kichwa, akajibu, "Sikuulizwa, mwanangu."

Nimelifikiria sana jibu lile. Zamani nililiona ni jibu la mwoga. Siku hizi siko hakika. Maalim aliishi kwa sadaka za wanakijiji, na wenye minazi ndio waliokuwa na cha kutoa. Pia alilelewa katika adabu ya kwamba elimu huijii milangoni kwa watu, wao ndio wanaoifuata. Lakini watu watauliza vipi jambo wasilojua kwamba lipo? Hapo ndipo ninapoona kazi ya akina Sheikh Al-Amin na Sheikh Farsy. Hawakuleta hukumu mpya hata moja. Mafungu ya urithi yalikuwa yale yale kwa karne kumi na tatu na zaidi. Walichofanya ni kumwezesha asiyejua Kiarabu kujua kwamba lipo swali la kuuliza.

Wala msidhani kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Minazi iligawanywa kweli. Kila shina lilipigwa alama ya chokaa, na bibi alikwenda mwenyewe shambani kuzihesabu zake ishirini, akirudi nyuma kila alipopotea hesabu. Mama alichukua zake 35, na ada yangu ya sekondari ilitoka humo. Lakini mama mkubwa, yule yule aliyemwuliza maalim, alimwachia mjomba fungu lake. Alisema hataki kumkosa kaka kwa ajili ya nazi. Wanawake wengi wa pwani wamefanya hivyo na wanafanya hivyo, na siwezi kusema ni wangapi kati yao waliosamehe kwa radhi na wangapi kwa hofu. Mjomba hakuja kwetu kwa miaka miwili.

Wapo pia wanawake Waislamu, hasa waliosoma sheria, wanaouliza kwa nini binti apate nusu ya kaka yake. Masheikh huwajibu kwamba mwanamume ndiye aliyewajibishwa mahari na matumizi ya nyumba, na mjadala unaendelea. Mimi nautaja kwa sababu nao ni tunda la tafsiri. Aliyepewa maana huanza pia kuijadili, hilo halizuiliki.

Na jambo hili si la nyumba moja ya Pangani. Kenya ilipoanza kutumia sheria moja ya urithi kwa watu wote mwaka 1981, Waislamu waliipinga kwa sababu ya aya hizo hizo, mpaka sheria ikarekebishwa mwaka 1990 ili wao wafuate hukumu zao. Mahakama za Kadhi zimo katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Huku Tanzania Bara, mtu akifa bila kuacha wosia, mara nyingi hakimu hulazimika kuuliza marehemu aliishi maisha ya namna gani, ya kufuata mila ya kabila au ya kufuata dini, na jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama mjane na mabinti watapata kitu, na ni kiasi gani. Hapo ndipo mtu anapojuta kwamba hakujua kilichomo ndani ya kitabu kilichokuwa juu ya kabati lake.

Sasa nimjibu mama yangu wa kwenye barua. Tafsiri nzima ya kwanza kuchapishwa ilikuwa ya padri, hilo baba mkwe wako amelisema sawa. Unayoisoma wewe, kama ndiyo ile ya jalada na maelezo uliyonieleza, ni ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy, Kadhi Mkuu wa Kenya, aliyeifanya makusudi ili Mwislamu asilazimike kusoma ya padri. Mwambie mzee hivyo kwa adabu, na ikiwezekana mwombe akusomee Kiarabu chake, nawe umsomee Kiswahili, kama tulivyofanya sisi. Kama ataanza na sura ya nne au nyingine, hilo mtaamua wenyewe.

Barua nyingine zilizobaki, ile ya ndugu wa Korogwe juu ya reli na ile ya wanafunzi juu ya majina ya mitaa ya Tanga, nitazijibu wiki ijayo, inshallah.